Mwanza hadi Dar kwa ndege: Saa moja na nusu angani, siku nzima kwa mgonjwa

Swali liliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia Jumapili usiku: "Jamani, Mwanza mpaka Dar kwa ndege inachukua saa ngapi?" Aliyeuliza ni kitinda mimba, anayefanya kazi Dar es Salaam. Majibu yakafuatana. Kaka mkubwa aliyeko Mwanza akaandika saa moja na nusu. Dada aliyeolewa Shinyanga akasema hapana, yeye alipanda mwaka juzi na ikawa saa mbili kamili. Mjomba, ambaye hajawahi kupanda ndege, akaandika kuwa ni siku nzima, na kwamba basi ni bora, "angalau ukizidiwa unashushwa."

Baadaye ilikuja kuonekana kwamba wote watatu walikuwa sahihi, mjomba akiwa sahihi kuliko wenzake.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yao, mwenye miaka 68, mkazi wa Sengerema. Moyo wake umechoka kusukuma damu. Jioni miguu huvimba, usiku hulala ameegemea mito mitatu, na alikuwa na miadi katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Upanga. Hiyo ingekuwa mara yake ya pili kwenda. Mara ya kwanza alikwenda kwa basi, na alipofika hakupelekwa kliniki. Alipelekwa moja kwa moja chumba cha dharura, akihema.

Umbali kati ya miji hii miwili una majibu matatu, kutegemea unakwenda na nini. Kwa mstari ulionyooka, yaani njia ya ndege, ni kama kilomita 850. Kwa barabara, ukipita Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni karibu kilomita 1,150. Kwa reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni takriban kilomita 1,220, kwa sababu treni huzungukia Tabora. Ndege inaokoa kilomita 300 kwa sababu haihitaji kuipita Singida wala kupanda mlima Sekenke. Inakata kusini mashariki, mlima Hanang ukiwa jirani, inapita kaskazini mwa Kondoa, kisha inaelekea pwani.

Muda nao una majibu yake. Ndege ya injini za jeti huruka safari hiyo kwa saa moja na dakika 20 hadi 30. Ndege za panga, zile ambazo Watanzania wenye utani walizibatiza "pangaboi", ziko polepole zaidi, na nyingine huchukua karibu saa mbili. Hiyo ndiyo aliyopanda dada wa Shinyanga. Ikiwa ndege inatua kwanza Kilimanjaro au Dodoma, ongeza saa nzima au zaidi. Ndiyo maana kabla ya kulipa tiketi ya mgonjwa ni vizuri kuuliza ndege inapita wapi, si bei peke yake.

Basi ni hesabu nyepesi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa. Gawanya 1,150 kwa 80, unapata saa 14 na zaidi bila kusimama popote. Ongeza mizani, vituo vya abiria, chakula, na foleni ya kuingia Dar es Salaam kutokea Kibaha. Saa 16 hadi 18 ndiyo hali halisi. Treni ya kisasa inakwenda haraka, lakini kwa sasa inaishia Dodoma. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ni sehemu ya reli hiyo ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaisubiri.

Katika safari ile ya kwanza hakuna aliyemuuliza mama kuhusu vidonge vyake. Miongoni mwa dawa zake ipo ya kupunguza maji mwilini, ile ambayo wagonjwa wengi wa moyo huiita dawa ya kukojoza. Ukiimeza, kwa saa kadhaa unakwenda chooni mara kwa mara. Nyumbani si tatizo. Ndani ya basi lililojaa, linalosimama pale dereva anapoamua, ni tatizo kubwa, na zaidi kwa mama wa umri ule.

Kila aliyesafiri njia hiyo anajua maana ya kuchimba dawa. Basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano, konda anapiga kelele. Mama mwenye miguu iliyovimba atashuka ngazi za basi, atavuka mtaro, atatafuta kichaka, halafu arudi kabla honi haijapigwa mara ya tatu. Na amwambie nani kwamba nusu saa baadaye anahitaji tena?

Hakumwambia mtu. Alifanya wanachofanya wagonjwa wengi kimyakimya: aliacha dawa. Hakuimeza siku moja kabla ya safari ili awe salama, hakuimeza siku ya safari, na maji ya kunywa aliyagusa kidogo tu. Njiani alikula chipsi mayai zenye chumvi ya kutosha. Maji ambayo dawa ingeyatoa yakabaki mwilini, yakapanda hadi mapafuni. Kufika Morogoro alikuwa hawezi tena kuegemea kiti, anakaa ameinama mbele. Mtoto aliyemsindikiza alidhani ni uchovu.

Na hilo la maji mapafuni si hatari pekee ya kukaa kitako muda mrefu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa kwa wasafiri. Lilieleza kuwa hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa anayekaa safarini bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe ni kwa ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini mgonjwa wa moyo, wa saratani, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anaanzia juu zaidi. Watu wengi wanaihusisha shida hii na ndege. Kwa Mwanza na Dar es Salaam ni kinyume: ndege haifikishi saa nne, basi linazizidisha mara nne.

Hivyo kitinda mimba alipopendekeza ndege, alikuwa na hoja. Tatizo ni kwamba aliishia kwenye ile saa moja na nusu. Alitaka kukata tiketi usiku uleule, mama apande Jumatano, mambo yaishe.

Aliyemsimamisha ni shemeji yake, mke wa kaka mkubwa, ambaye ni nesi. Akamwandikia: "Shemeji, umemuuliza daktari kama mama anaweza kupanda?"

Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake haiwi kama ya ardhini. Mitambo huipandisha mgandamizo, lakini si hadi usawa wa bahari. Abiria anavuta hewa kama ya mtu aliye mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwa mfano wa karibu, ni kama umepelekwa Njombe mjini, au juu yake kidogo. Oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua. Mtu mzima wa afya hahisi chochote. Mtu ambaye mapafu au moyo wake unafanya kazi kwa shida tangu akiwa chini, anaweza kuhisi.

Watu wa Mwanza wana nafuu kidogo ambayo wachache huifikiria. Jiji lao liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu Ziwa Victoria lenyewe liko huko juu. Mama wa Sengerema amezoea hewa hiyo tangu kuzaliwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayepanda ndege anarukia Njombe kutoka pwani. Yeye anaanzia njiani.

Kipimo cha awali ambacho madaktari wengi hutumia hakihitaji mashine. Mgonjwa atembee mita 50 kwa mwendo wa kawaida, au apande ngazi za ghorofa moja. Asipoishiwa pumzi wala kubanwa kifua, mara nyingi ataweza kusafiri. Daktari wa mama aliongeza kifaa kile cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, akasikiliza mapafu, akatazama miguu. Akasema anaweza kwenda, ila si Jumatano. Kwanza maji yapungue. Alimwongezea dozi kwa siku chache na kumtaka arudi kupimwa uzito. Safari ikasogezwa kwa wiki moja.

Kwa familia nyingine jibu lingekuwa tofauti, na hapa inafaa kuacha safari ya mama kidogo.

Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini, na watoto wake wengi hupewa rufaa. Mtoto mwenye selimundu aliye katika maumivu makali, au aliyetoka kwenye maumivu hayo siku chache tu zilizopita, hapaswi kupanda ndege. Miongozo ya usafiri wa anga hutaka zipite kama siku 10. Oksijeni ikishuka, chembe za damu zinazidi kujikunja, na maumivu yanaweza kurudi angani ambako hakuna dripu. Vilevile mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, inayokaribia gramu 8 kwa desilita au chini yake, aulize kwanza. Mzazi aondoke na maji ya kutosha na koti, maana ndani ya ndege kuna baridi, na baridi ni adui wa selimundu.

Mjamzito wa mimba ya mtoto mmoja kwa kawaida husafirishwa bila swali hadi wiki ya 28. Baada ya hapo mashirika mengi hudai barua ya daktari, na kufikia wiki ya 36 humkatalia. Mwenye mapacha hukataliwa mapema zaidi, mara nyingi wiki ya 32. Aliyefungwa plasta ngumu ya mfupa asubiri saa 24 kwa safari isiyofika saa mbili, na saa 48 kwa ndefu zaidi, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani hutanuka na mguu huvimba.

La ajabu kuliko yote ni la macho. Upasuaji wa kurudishia pazia la nyuma ya jicho wakati mwingine huacha puto dogo la gesi ndani ya jicho, ambalo huisha lenyewe baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa huyo akipanda ndege, gesi hutanuka na anaweza kupofuka. Ndugu wakisikia hivyo husema basi arudi kwa basi. Lakini basi la Mwanza linatoka pwani na kupanda hadi Dodoma, mita zaidi ya 1,100, halafu Singida ambako ni juu zaidi. Gesi haijui kama imepanda kwa ndege au kwa matairi. Aliyefanyiwa upasuaji huo Dar es Salaam anaweza kulazimika kubaki huko hadi gesi iishe, na familia yake ipange mahali pa kulala mapema.

Haya yote husemwa kwa shirika la ndege wakati wa kukata tiketi, si mlangoni. Kiti cha magurudumu huombwa angalau siku mbili kabla. Anayehitaji oksijeni haruhusiwi kupanda na mtungi wake wa hospitali. Ipo fomu ya taarifa za kitabibu ambayo daktari huijaza na shirika hujibu kama litaweza. Ndugu wengine huficha ugonjwa wakiogopa kukataliwa, wanampaka mgonjwa mafuta, wanamvalisha vizuri na kumwambia asikohoe. Ni kosa. Mhudumu wa ndege asiyejua kwamba abiria wa kiti cha pembeni ana moyo mbovu hawezi kumsaidia haraka.

Na muda ulioandikwa kwenye tiketi usomwe na mtu mzoefu. Tiketi haisemi saa nne kasoro robo asubuhi, inasema 09:45. Wapo wazee waliofika uwanjani saa tisa na dakika 45 za alasiri, wameoga na kula, wakakuta ndege imeondoka tangu asubuhi.

Siku ya mama ilianza saa 10 alfajiri. Uji wa ulezi usio na chumvi, vidonge vyote isipokuwa kile cha kukojoza. Safari hii daktari alikuwa ameulizwa, akasema siku hiyo akinywe mara tu akifika, asikiache kabisa. Hilo lilikuwa agizo lake kwa mgonjwa wake. Mwingine atapewa saa nyingine.

Kukatokea mzozo mdogo wa mizigo. Mama alikuwa amefunga sato wa kukausha na dagaa kwa ajili ya wajukuu, akawaweka kwenye mkoba wa mkononi ili wasiibwe. Dawa na faili la hospitali alivitia kwenye begi kubwa la kwenda chini ya ndege. Mkwewe nesi alifungua zipu zote mbili na kubadilisha. Samaki chini, dawa mkononi. Begi la chini likichelewa, familia itakula maharage siku moja. Dawa zikichelewa, ni habari nyingine.

Saa 11 wakaondoka. Zamani hapo ndipo hesabu ilipokuwa inaharibika. Kutoka Sengerema kwenda Mwanza lazima uvuke ziwa kati ya Busisi na Kigongo, na kivuko kilikuwa na saa zake. Ukikikosa unasubiri, na gari la wagonjwa nalo limewahi kusubiri mara nyingi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Mama alilipita kwa dakika chache. Alichungulia dirishani akauliza kama ndiyo wamekwisha kuvuka.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko upande wa kaskazini, na anayetoka Sengerema huingia kwa kusini. Lazima alikate jiji zima: Usagara, Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, katikati ya mji, Kirumba, Pasiansi. Saa moja asubuhi barabara hiyo ni ya wanafunzi, bodaboda na daladala. Walifika saa 2 kasoro dakika chache. Kiti cha magurudumu kilikuwepo. Saa 4 kasoro robo ndege ikaondoka, jeti, bila kutua njiani. Mama alikaa kiti cha pembeni karibu na choo, mwanawe akiwa kando yake. Wakati wa kushuka masikio yaliziba, akapewa pipi amung'unye.

Saa 5 na dakika 15 magurudumu yakagusa ardhi. Angani ilikuwa saa moja na nusu, kama kaka mkubwa alivyosema.

Kisha kusubiri wateremke wengine kwanza, kusubiri begi la samaki, kutafuta gari, Barabara ya Nyerere na foleni yake, joto la Dar es Salaam ambalo humchosha mtu wa ziwani hata akiwa mzima. Waliingia nyumbani kwa kitinda mimba, Upanga, saa 7 na nusu mchana. Toka mlango hadi mlango ni saa nane na nusu. Mjomba alipoambiwa, aliandika kwenye kundi: "Nilisema mimi." Mama alikuwa ameshameza kidonge chake na yuko chooni.

Kesho yake alitembea mwenyewe hadi chumba cha daktari. Alifanyiwa kipimo cha moyo cha picha, akachukuliwa damu, dozi ikarekebishwa. Swali ambalo familia haikuwa imewahi kuuliza liliulizwa na mama mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiwa anafunga khanga: "Daktari, mwanangu, kila miezi mitatu nije huku?"

Daktari alisoma tena faili. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda pale Mwanza, ina kliniki ya moyo, na wataalamu wa taasisi nao husafiri mikoani kwa huduma za tiba mkoba. Kwa hali yake ya sasa hapakuwa na kitu cha kufuatilia ambacho kingemlazimu kuja Dar es Salaam kila mara. Angeandikiwa barua, vipimo vyake viende naye, na arudi Upanga pale tu Bugando watakapoona inahitajika.

Kitinda mimba alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye simu tiketi za miezi mitatu ijayo. Akaifunga. Kwenye daftari la kliniki ikaandikwa tarehe, na mbele yake, mahali: Bugando. Kutoka nyumbani kwake Sengerema ni daraja moja na daladala, na choo kipo.